Kabla ya kupokea gunia la viatu vya baleti, pima miguu ya watoto

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanga, Kigoma mjini. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Nilijifunza baleti nilipokuwa naishi Dar, na tangu mwaka jana nafundisha watoto 17 kwenye darasa la shule, Jumatano na Jumamosi jioni. Wengi wanacheza peku, wengine na soksi, na wawili wamenikimbia kwa sababu wenzao wana viatu, wao hawana. Wifi yangu aliyeko Uingereza amekusanya gunia zima la viatu na nguo za baleti zilizotumika, pamoja na vile viatu vigumu vya kusimama kwenye ncha za vidole. Anataka kulituma. Nipokee vyote? Nigawe vipi bila manung'uniko? Tena nina binti wa miaka 13 ambaye kila siku ananiuliza vile vigumu atavaa lini."

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma maneno yako mara tatu, na kilichonikaa moyoni ni wale wawili waliokukimbia. Gunia lipo, halikimbii. Tuanze na hao.

Jumatano ijayo waambie watoto wote wavue, wenye viatu na wasio navyo, nawe uvue. Fundisha darasa zima peku na uendelee hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka viatu vya wote vitakapopatikana. Mtoto wa mwaka wa kwanza hahitaji kiatu ili ajifunze kukunja magoti, kunyoosha wayo au kusimama wima kwenye mguu mmoja. Tena akiwa peku ndipo unapomwona vizuri: kidole gumba kimeshika sakafu au kimejikunja, uzito umeegemea ukingo wa ndani wa wayo, kisigino kinanyanyuka kabla ya wakati wake. Ukimfunika mapema, hayo yote yanajificha ndani ya kitambaa. Wale wawili wakisikia kwamba sasa hakuna mwenye viatu darasani, nadhani watarudi. Wasiporudi, wafuate nyumbani ukazungumze na mama zao.

Labda uliiona video ya mwaka 2020 ya mvulana wa Lagos akicheza baleti kwenye mvua, peku, juu ya sementi iliyotuama maji. Ilizunguka dunia nzima. Alikuwa mwanafunzi wa Leap of Dance Academy, shule iliyoanzishwa mwaka 2017 na Daniel Owoseni Ajala, ambayo hufundisha watoto bila ada. Siitaji kwa sababu naona vema mtoto acheze juu ya sementi yenye maji. Sakafu ile ni ya hatari na moyo wangu ulikuwa juu kila aliporuka. Naitaja kwa sababu pale kiatu hakikuwekwa mlangoni kama tiketi. Mtoto aliingia kwanza, viatu vikafuata.

Soksi zikatae leo leo. Juu ya sementi iliyosuguliwa, soksi ni sawa na kukanyaga mawese yaliyomwagika. Raba nazo zina kosa la upande wa pili: soli ya mpira inang'ang'ania sakafu, mwili unazunguka lakini mguu umebaki, na goti ndilo linalolipa. Peku ni salama kuliko vyote viwili.

Na kama darasa lako ni la sementi, jambo hilo ni kubwa kuliko viatu. Sementi haipokei mruko, inaurudisha wote kwenye ugoko na mgongo. Punguza kuruka mpaka upate angalau mbao mbili tatu za plaiwudi zilizolazwa juu ya sponji ngumu au mkeka mnene wa mpira, watoto waruke kwa zamu hapo. Fedha ya kwanza utakayochangiwa, kama ingekuwa yangu, ningeiweka hapo.

Sasa viatu. Watu wengi wenye nia njema huanza na kiatu kilichopo kisha hutafuta mguu wa kukivaa. Huko ndiko wanakopotelea. Anza na mguu. Chukua karatasi yoyote pana iliyo safi. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na darasa lako ni la jioni. Mtoto asimame juu ya karatasi kwa uzito wake wote, asikae. Shika penseli wima kabisa na uzungushe. Ukiilaza penseli hata kidogo inaingia chini ya wayo na umeshapoteza nusu sentimita. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na uandike ule mkubwa: urefu kwa sentimita, upana mahali vidole vinapoanzia, tarehe. Usiandike namba ya kiatu anachovaa shuleni. Viatu vya baleti kila kiwanda kina namba zake, na mara nyingi hazifanani na za viatu vya kawaida. Wifi yako akiletewa sentimita hawezi kukosea. Akiletewa namba atakosea kwa hakika.

Rudia kupima kila baada ya miezi mitatu au minne. Kiatu laini cha baleti kinatakiwa kukaa kama soksi: vidole vimelala bapa vimefika mwisho, havijajikunja, na kisiginoni ukibana kitambaa kwa vidole viwili upate kipande kidogo tu. Mzazi wa Kigoma, kama mzazi wa popote, atakuambia tununue kikubwa akue nacho. Mweleze kwa upole. Kiatu kikubwa hujikunja chini ya wayo na kumwangusha mtoto, na mguu ulioshindwa kuigusa sakafu haujifunzi kitu. Ndiyo maana kumpa kila mtoto jozi yake ya kudumu ni kupoteza. Jozi ni za darasa, zinapita kutoka mguu hadi mguu.

Katika gunia la wifi yako, viatu laini vya ngozi au vya turubai vitumwe, ila kwa masharti. Soli isiwe na tundu, ndani pasiwe na ukungu, na urefu wake uwe kwenye orodha yako ya sentimita. Vyenye soli moja nzima ndivyo vya watoto wako. Vile ambavyo soli imekatwa vipande viwili, mbele na kisiginoni, ni vya waliokwisha kupata nguvu ya wayo. Kwa sakafu ya kukwaruza ngozi hudumu kuliko turubai, lakini turubai linafulika, na kwa viatu vinavyovaliwa na watoto wengi hilo si dogo. Fangasi wa miguu hawachagui. Vya turubai vifuliwe kwa mkono, vya ngozi vifutwe na kujazwa karatasi za gazeti, vyote vianikwe kivulini. Jua la Kigoma la saa saba linaikausha ngozi mpaka inapasuka.

Viatu vya ncha, yaani hivyo vigumu, visitumwe. Nasema hivyo kwa uzito kwa sababu nilishakosea. Miaka mingi nyuma, kazi hii ikiwa bado mpya kwangu, nililetewa katoni kutoka nje, na juu kabisa kulikuwa na jozi ya waridi yenye riboni, inang'aa. Nilimpa msichana mmoja hodari ambaye ilimtosha kwa urefu. Alipanda mara mbili. Mara ya tatu kiatu cha kushoto kilijikunja katikati kama kadibodi iliyoloa, akaenda upande, na kifundo kikavimba mpaka hakufaa hata kuvaa kandambili. Alikaa nje wiki sita. Hakunilaumu hata neno moja, na mpaka leo naukumbuka ule mguu ukiwa ndani ya beseni la maji.

Kiatu hicho hakina chuma wala mbao ndani. Pale mbele, kinachobeba vidole, ni matabaka ya kitambaa na gundi yaliyokaushwa mpaka yakawa magumu. Chini ya wayo kuna utepe wa ngozi au karatasi ngumu iliyobanwa, ingawa siku hizi vipo vyenye plastiki. Joto na jasho la aliyekivaa mwanzo vinailainisha gundi, na kiatu kinachukua umbo la mguu wake yeye. Mchezaji wa jukwaani anaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja. Mwanafunzi humaliza kwa wiki au miezi michache. Kwa hiyo kilichomo kwenye gunia, hata kama hariri ya nje bado inang'aa, karibu chote kimekufa. Utakijua kwa kukishika mikono miwili na kukibonyeza katikati ya soli kwa vidole gumba. Kilicho hai kinabisha na kurudi. Kilichokufa kinakubali. Hata kilicho hai na kipya hakifai kutolewa gunia kwa gunia, kwa sababu mguu huu ni mpana, ule una kidole cha pili kirefu, na kiatu kisichokaa sawasawa kinamuumiza mtoto ambaye mifupa yake haijakomaa.

Mwambie wifi yako alete jozi moja tu, tena iliyokufa kabisa. Nitakuambia ya nini.

Kwa sehemu kubwa ya watoto 17 hutahitaji Uingereza. Unahitaji fundi viatu. Hapo Mwanga hawakosekani, wamekaa na sanduku la mbao, msharasi na uzi wa nailoni, na nina hakika yupo mmoja ambaye mkono wake ni mwepesi. Mpelekee jozi moja nzuri kama mfano na uifumue mbele yake. Mwonyeshe mambo matatu ambayo asipoambiwa atayafanya kwa mazoea ya viatu vya barabarani. La kwanza, soli hii ni ndogo kuliko mguu. Ukiiweka juu ya ule mchoro wa karatasi, inakaa ndani ya mstari pande zote, na kitambaa cha juu ndicho kinachozunguka na kuukumbatia wayo kutoka chini. Fundi wangu hapa Tabora aliligomea hilo siku nzima. Alisema mtoto atakanyaga kitambaa. Ndiyo, mwache akanyage kitambaa. Hivyo ndivyo mguu unavyoweza kunyooka bila kubeba ubao. La pili, mbele chini ya vidole kitambaa kinakunjwa marinda madogo madogo yaliyobanana, yakaingia chini ya soli. Marinda makubwa matatu yatamchoma mtoto kama amekanyaga njugu. Yawe kumi na kitu, membamba. La tatu, kiatu kinashonwa ndani kikiwa nje, kisha kinageuzwa kama shati, ili mshono usiguse ngozi. Hakina kisigino wala msumari.

Kitambaa kiwe turubai jepesi la pamba au dril, lile linaloshonewa sare za shule. Soli iwe ya ngozi laini, na hata mkoba wa zamani wa ngozi halisi hukatika soli za watoto kadhaa. Lastiki ishone wewe mwenyewe nyumbani. Kunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani mpaka kilale juu ya soli: pale mkunjo unapokutana na ukingo wa juu, kila upande, ndipo lastiki inapoanzia, ikiinama kidogo kuelekea mbele. Ishone juu ya uso wa kitambaa bila kuubana ule uzi wa kukazia unaopita ndani ya ukingo. Mara ya kwanza utachukua saa nzima kwa jozi moja, na kwa jozi ya kumi utakuwa unaongea na jirani huku unashona. Viatu vya namna hii havifanani na vya dukani. Watoto wangu wamevicheza miaka na miaka, na vikitoboka fundi yupo mtaani, analipwa, na fedha imebaki palepale.

Nguo zinataka maneno zaidi na wazazi kuliko na fundi. Wifi yako asitume taiti zilizovaliwa wala nguo yoyote ya kugusa mwili moja kwa moja. Mitumba ya nguo za ndani imepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, na vazi la kubana mwilini ni rahisi kuhesabiwa humo. Hata bila sheria, nisingemvisha mtoto wa mwenzangu taiti ya mtu. Hizo zinunuliwe mpya, na zipo sokoni kwako.

Lile vazi moja la kubana, lenye mapaja wazi, ambalo watu hudhani ndiyo baleti yenyewe, si la lazima hata kidogo. Mwalimu anahitaji kuona magoti, nyonga na mgongo. Taiti nyeusi na fulana ya kubana ya mikono mirefu vinaonyesha hayo yote. Kuna familia za Ujiji na Mwanga ambazo binti atakatazwa kuja ukitaka avae vinginevyo, na wana haki yao. Sketi fupi ya kufunga kiunoni juu ya taiti, ushungi uliofungwa nyuma ukakazwa usining'inie, basi darasa linaendelea. Waite akina mama siku moja wakae wamtazame mtoto mmoja aliyevaa hivyo akifanya mazoezi. Maneno yatapungua. Wavulana nao wapewe chao, taiti au kaptura nyeusi na fulana nyeupe. Gunia nyingi zinazotoka nje ni za wasichana watupu, na mvulana akiona kila kitu ni cha waridi anajua hakutarajiwa.

Waridi yenyewe tuizungumze. Rangi ile ilichaguliwa ifanane na ngozi za wachezaji wa Ulaya, ili mstari wa mguu usikatike machoni mwa mtazamaji. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969, liliamua wachezaji wake wavae taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao wenyewe, na kwa miaka mingi walilazimika kuvipaka na kuvitia rangi kwa mikono. Viatu vya ncha vya rangi ya kahawia vilivyotengenezwa na kiwanda cha Freed of London pamoja na kundi la Ballet Black vilitoka mwaka 2018 tu. Wewe una majani ya chai. Chemsha sufuria ya chai ya rangi nzito, tia chumvi kijiko, ichuje, iache ipoe kidogo, kisha loweka viatu vya turubai la pamba huku ukivigeuzageuza. Kila dakika kumi toa kimoja ukilinganishe na kifundo cha mtoto mwenyewe, ukikumbuka kwamba kikikauka kitapauka kidogo. Nimefanya hivyo mara nyingi, na sijaona watoto wakinyamaza kwa umakini kama wanapongoja kiatu kifikie rangi yao. Ngozi usiiloweke, itaharibika.

Kuhusu ugawaji: usigawe. Weka sanduku moja la darasa lenye kufuli. Ndani yake viatu vimeandikwa sentimita kwa kalamu isiyofutika kwenye soli, havina jina la mtu. Kila mtoto anachukua cha kipimo chake akiingia na kukirudisha akitoka. Hata mtoto wa mwenye duka, aliyenunuliwa vyake, mwombe viingie sandukuni na yeye achukue kama wengine. Mzazi wake akikataa usigombane naye, lakini wengi hukubali wakielezwa vizuri. Kwa njia hii hakuna siku utakayosimama mbele ya darasa ukasema huyu apewe kwa kuwa kwao hawana. Mtoto wa miaka minane analisikia neno hilo na analibeba.

Na picha. Wanaochangia wataomba picha, tena watapenda ile ya kabla, ya mguu wenye vumbi jekundu na macho ya huruma. Usiipige. Tuma picha ya sanduku, ya mikono ya fundi, ya jozi 17 za viatu zikianikwa kivulini. Ya watoto itumwe kwa idhini ya wazazi, wakiwa wanacheza, bila majina yao. Mwenye kusaidia kwa moyo atatosheka.

Kabla wifi hajatuma chochote kwa posta au kwa meli, pigeni hesabu ya ushuru na gharama za kuutoa mzigo Dar, kisha safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka kwako. Gunia la viatu ambavyo nusu yake havifai linaweza kugharimu kuliko kuwavisha watoto wote kwa fundi. Mtu anayesafiri akaja nalo dogo kwenye begi ni afadhali, na yaliyomo yatajwe kwa ukweli yakiulizwa.

Nimebakiza binti wa miaka 13. Umri wenyewe haumzuii, kwa kuwa wengi huanza viatu vya ncha kati ya miaka 11 na 13. Kinachomzuia ni kwamba ameanza mwaka jana. Mimi hutaka miaka mitatu ya mazoezi yasiyokatika, angalau mara mbili kwa wiki, na siku ya kumpima huwa namwambia apande kwenye vidole kwa mguu mmoja, goti limenyooka, bila kushikilia, ashuke taratibu, arudie mara kumi na sita, kisha mguu wa pili. Akitetemeka kifundo ikiwa ya nane, bado. Halafu jiulize nawe: je, ulifundishwa kufundisha viatu vya ncha, au kuvivaa tu? Jozi moja mpya nje huuzwa kama dola 80 hadi 120 au zaidi, na ikifa baada ya miezi michache nani atanunua ya pili? Majibu hayo mwambie kama yalivyo, usimpe ahadi ya mwezi fulani.

Kisha mpe ile jozi moja iliyokufa uliyoiagiza kwa wifi, na kisu cha fundi. Aipasue yeye mwenyewe mbele ya wenzake, kuanzia hariri, matabaka ya kitambaa, gundi iliyogeuka unga, mpaka ule utepe wa karatasi uliovunjika katikati. Aushike mkononi aukunje. Baada ya hapo mwambie avue, apande kwenye vidole kwa mguu mmoja, na mwanzie kuhesabu.